Mizani ya Pamba na Sanduku la Kura

Kata ya Sapiwi imo katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe. Huko, msimu wa kuuza pamba ukifika, mambo yote ya jamaa huingoja mizani: mahitaji ya mtoto aendaye shule, bati za nyumba, mahari ya kijana, hata sadaka ya mavuno. Mkulima huleta mizigo yake, husimama karibu, hukaza macho, wala haondoki mpaka amesomewa kilo zake na kuziona zimeandikwa. Hapana mtu amwambiaye kuwa ni mkaidi. Pamba ni yake, jasho ni lake, na macho ni yake.

Ni katika nchi hiyo mzee mmoja, Mkristo wa siku nyingi, alipotujia baada ya Misa. Tulipokwisha kusalimiana, "Tumsifu Yesu Kristo," "Milele, amina," alitutazama kitambo, kisha akasema: "Padre, pamba yangu naiona mizanini. Kura yangu siioni. Waniambia mambo siku hizi yamo katika mashine na katika simu, na siku yenyewe ikifika, simu zafungwa. Uchaguzi ujao nikibaki nyumbani kwangu, je, nina dhambi?"

Hatukumjibu mara moja, kwa sababu swali lake si dogo. Twajua ya kuwa wako wengi wanaoliuliza moyoni, katika jamaa nyingi za nchi hii, ijapokuwa hawamwendei padre. Leo twataka kulijibu kadiri tuwezavyo, bila kupendelea chama chochote, maana kazi ya ukurasa huu si kumwambia mtu amchague nani, bali kumsaidia kuwa na dhamiri nyofu.

WATU AU UMATI

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mitume walipotaka mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walisali kwanza, kisha wakapiga kura, na kura ikamwangukia Mathia. Katika kura ile walimwachia Mungu achague. Siku hizi twasema pia kwamba raia amepiga kura, pale awekapo alama yake katika karatasi ndani ya kituturi. Hapa Mungu ameiachia dhamiri ya mtu ichague. Lakini kura hizi mbili zafanana kwa jambo moja: zote zahitaji kufanywa mbele ya wale wanaohusika. Mitume hawakujifungia wawili watatu katika chumba cha siri wakatoka na jina. Walifanya shauri hilo katikati ya ndugu wapatao 120, na wote waliona.

Katika mkesha wa Noeli wa mwaka 1944, vita ikali ingali ikiiteketeza Ulaya, Papa Pio XII aliuhutubia ulimwengu juu ya demokrasia. Alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya mara nyingi, yaani watu na umati. Watu, alifundisha, wana uhai wao wenyewe: kila mmoja ajua wajibu wake, ana rai yake, na huheshimu ya mwenzake. Umati hauna mwendo wake. Hungoja kusukumwa kutoka nje, na huwa chombo chepesi mikononi mwa yeyote ajuaye kuchezea hasira na tamaa zake. Nasi twaona ni jambo la kuangaliwa kwamba Baba Mtakatifu aliyasema hayo kwa redio. Hakukiogopa chombo kipya cha siku zake. Alikitumia kuwafundisha watu wasigeuzwe kuwa umati.

Basi hicho ndicho kipimo chetu. Kila mashine, kila simu, kila programu inayoingizwa katika shughuli ya uchaguzi, tuiulize swali moja: Je, yatufanya watu, au yatufanya umati? Yatupa macho, au yatufumba macho?

MEMA TULIYOYAPATA

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Nchi yetu tangu zamani imetafuta njia za kumsaidia raia mdogo apige kura yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea walipewa alama za jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mwaka 2015 zililetwa mashine ziitwazo BVR, zinazochukua picha na alama za vidole, ili mtu mmoja asiandikishwe mara mbili. Katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kwa uchaguzi wa mwaka 2025 yaliandikwa majina zaidi ya milioni 37. Wingi wa namna hiyo hauwezi kutunzwa vema kwa kalamu na vitabu peke yake.

Tena simu imevunja ukuta uliokuwa kati ya mji na kijiji. Zamani mtu wa Sapiwi alisikia habari za Bunge pale tu alipopita mgeni mwenye gazeti, au jirani mwenye redio. Siku hizi kijana aweza kuisikia hotuba ya mgombea akiwa malishoni, akailinganisha na ya mpinzani wake, akamwuliza diwani wake swali mbele ya wenzake. Hilo ni jema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakumbusha raia haki na wajibu wao wa kupiga kura kwa hiari kwa ajili ya manufaa ya wote. Mtu hawezi kuutimiza vema wajibu huo bila kujua mambo. Kinachomwongezea raia ujuzi wa kweli ni rafiki wa uraia mwema.

GIZA LITOKALO KWETU WENYEWE

Lakini kuna giza la namna mbili linaloweza kuifunika kura, na la kwanza latoka kwetu sisi wenyewe. Twasema juu ya uongo.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa na mgeni jinsi uvumi unavyoua. Kwa miaka mingi, katika nchi ya Shinyanga, Mwanza na Simiyu, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho yao mekundu. Macho yale yaliharibiwa na moshi wa jikoni, wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, katika kuwapikia watoto na wajukuu. Uvumi ulianza kisimani, ukapita kilabuni, ukaishia mlangoni mwa mama asiye na kosa. Uvumi ule ulitembea kwa miguu. Je, huu wa leo, uliopewa mabawa, utafika wapi?

Sasa mtu mmoja aketiye mbali, asiyejulikana jina wala uso, aweza kutunga maneno kwamba mgombea fulani amejitoa, au kwamba watu wa dini fulani wamepanga shauri baya, au kwamba kituo fulani kimefungwa. Aweza hata kutengeneza kwa kompyuta sauti na picha ya mtu akisema asiyoyasema kamwe. Bado uongo wake ungekufa mikononi mwake, kama isingekuwa sisi. Sisi ndio tunaoupeleka katika kundi la WhatsApp la ukoo, la wanakwaya, la jumuiya ndogo ndogo. Nao walioupokea huuamini, si kwa kuwa wamjua aliyeutunga, bali kwa kuwa watujua sisi. Mwongo ameazima jina letu jema.

Wengine hujitetea kwa methali isemayo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kumtahadharisha mtu, haifai kumhukumu jirani. Amri ya nane haikutoa ruhusa kwa mwenye simu. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2018 kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, alionyesha kwamba habari ya uongo ya kwanza ilitoka kinywani mwa nyoka katika bustani ya Edeni; nayo ilifaulu kwa sababu ilifanana na ukweli. Tuongeze neno moja: Eva hakuutunga uongo ule. Aliupokea, kisha akampelekea mwenzake.

GIZA LITOKALO JUU

Giza la pili latoka kwa wenye mamlaka. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa katika nchi yetu, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Katika siku hizo hizo palikuwa na ghasia, damu ilimwagika, na watu wakapoteza maisha. Maaskofu wetu walilaani mauaji yale waziwazi katika mwezi wa Novemba. Jambo hili halikuwa letu peke yetu: Kongo ilikata intaneti siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na Uganda iliikata katika mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021.

Wanaotetea desturi hiyo husema kwamba ni kwa ajili ya amani, ili wachochezi wasipate nafasi. Hatuidharau hoja yao. Tumekwisha kusema sisi wenyewe kwamba uongo huua, na Serikali ina wajibu wa kulinda uhai na amani. Lakini mkulima aonapo funza katika vitumba vya pamba, hunyunyizia dawa. Hang'oi shamba zima. Anayechochea mauaji yuko chini ya sheria, na ashitakiwe kwa kosa lake. Kuwafumba macho mamilioni ya watu kwa sababu ya kosa la wachache ni adhabu iliyowapata wasio na hatia, tena katika saa ile ile ambayo haki yao ya kujua ni kubwa kupita siku zote. Wala giza halikuondoa uvumi. Mama asiyejua mwanawe wa mjini yu hali gani husadiki neno lolote la mpita njia, maana hana pengine pa kuuliza. Ukiifunga milango ya habari za kweli, uongo hubaki peke yake barabarani.

Hapa msomaji mwerevu aweza kutukamata. Aweza kusema: "Mbona Kanisa lenyewe hufunga simu? Makardinali 133 walipokutana Mei 2025 kumchagua Papa Leo XIV, je, hawakunyang'anywa simu, na mawasiliano ya Vatikano kukatwa?" Ni kweli, na swali ni zuri. Lakini tuangalie nani alifungiwa asione nini. Makardinali walikula kiapo cha siri wakijua wanachoapa. Ni wao waliokuwa wapiga kura. Nao waliona yote. Katika kikanisa kile wahesabu watatu huzifunua karatasi mbele ya wapiga kura wote, na wa tatu husoma jina kwa sauti, kisha huitoboa karatasi kwa sindano na kuitunga katika uzi, ili isipotee wala isihesabiwe tena. Wageni wa nje hawaoni, bali wenye kura hawafichwi hata moja. Sisi katika uchaguzi wa nchi si wageni wa nje. Sisi ndio wenye kura.

MASHINE NA MACHO YA MTU MDOGO

Je, mashine zenyewe tuziogope? Yatupasa kwanza kumwondolea mzee wetu hofu moja. Katika nchi yetu mashine huandikisha wapiga kura, na kompyuta husaidia kujumlisha; lakini kura yenyewe ingali karatasi. Huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo hubandikwa ukutani. Hiyo ni mizani ambayo raia aweza kuisogelea.

Wako wanaotaka tuendelee mbele zaidi, tupigie kura katika simu. Nchi ndogo ya Estonia imewaruhusu raia wake kupiga kura kwa intaneti tangu mwaka 2005. Hatuwacheki. Lakini tuifikirie nyumba ya kwetu. Kituturi ni kitu duni, boksi tu juu ya meza, bali ndani yake binti yu peke yake na Mungu wake. Babaye hayumo, wala mumewe, wala tajiri amdaiye. Kura ikipigiwa sebuleni, nani atajua ni mkono wa nani ulioibonyeza simu? Waestonia wenyewe waliiona hatari hiyo, wakamruhusu mtu kuibadili kura yake kabla ya muda kwisha, ili aliyeshurutishwa apate kujiokoa. Na mtu anayenunua kura akimtaka maskini ampigie picha karatasi yake kituturini ndipo amlipe, amevunja ukuta ule ule. Auzaye na anunuaye wote wakosa, ila dhambi ya anunuaye ni kubwa zaidi, maana amefanya biashara na njaa ya mwenziwe.

Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua juu ya mashine za kupigia kura zilizotumika katika uchaguzi wa mwaka 2005. Majaji hawakusema kwamba kura ziliibwa. Walisema kwamba raia wa kawaida, asiye fundi, lazima aweze kuchungua hatua zilizo muhimu za uchaguzi; na kwa kuwa mashine zile zilimtaka aamini tu, zilivunja katiba. Nchi ya mafundi wakubwa ilikubali kwamba ufundi hauwezi kuchukua mahali pa macho ya mtu mdogo.

Majirani zetu wa Kenya walilipia somo hilo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa Rais. Kati ya sababu zake, matokeo hayakupelekwa kama sheria ilivyotaka, na Tume haikuifungua mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe kama Mahakama ilivyoagiza. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 Tume iliweka hadharani, kwa intaneti, picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000, hata mwanafunzi mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Mabishano hayakukoma, na kesi ilifika tena Mahakamani, ambako matokeo yalithibitishwa. Lakini watu walibishana juu ya karatasi walizoziona. Intaneti ile ile inayoweza kufungwa ili watu wasione, iliweza pia kufunguliwa ili watu waone. Chombo ni kimoja. Nia ni mbili.

JIBU LETU KWA MZEE

Sasa, mzee wetu, twarudi kwako. Umeuliza kama ni dhambi kubaki nyumbani.

Twasema hivi. Mtu abakiye nyumbani kwa uvivu, au kwa kutojali shida za wenzake, amekosa kwa kuwapuuza jirani zake. Ila mtu aliyesali, akapima kwa dhamiri nyofu, akaona sababu nzito ya kutoshiriki katika uchaguzi fulani, hatuna ruhusa ya kumhukumu. Tena wajibu wa kupiga kura una pande mbili. Anayemwambia raia, "Ni wajibu wako kuja mizanini," naye ana wajibu wa kuiacha mizani wazi. Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba Mungu huichukia mizani ya udanganyifu. Hakikutenga mizani ya sokoni na mizani ya Serikali.

Lakini, mzee, ukumbuke jambo ambalo lilitokea katika nchi yenu wenyewe. Mapema katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na manung'uniko yako hayo hayo: walipeleka pamba kwa wanunuzi, na hawakuiamini mizani. Wangaliweza kung'oa pamba na kukaa nyumbani kwa uchungu. Badala yake waliweka wapimaji wao wenyewe, vijana wa kuaminika, wa kusimama penye mizani na kuzisoma kilo kwa ajili ya wenzao. Kutokana na mwanzo huo mdogo vilikua vyama vya ushirika, chini ya uongozi wa Paul Bomani, hata mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa la vyama vya wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa. Hawakuiacha mizani. Waliikaribia.

Hilo ndilo jibu letu. Usikae mbali na sanduku kwa sababu hulioni; lisogelee mpaka ulione. Wajukuu wako wajitolee kuwa mawakala waaminifu, kila mmoja katika chama chake, wasiokubali kununuliwa. Watu wa kijiji wasome kwa macho yao karatasi ya matokeo iliyobandikwa, waziandike hesabu zake. Nasi sote tudai kwa amani, kwa heshima, na bila kuchoka, kwamba matokeo ya kila kituo yawekwe mahali ambapo kila raia aweza kuyasoma, na kwamba intaneti isikatwe tena siku ya uchaguzi. Huko Kongo mwaka 2018 Maaskofu walituma waangalizi wapatao 40,000. Na hata intaneti ilipokatwa, walikuwa na hesabu zao wenyewe, nao walisema waziwazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana nazo. Sauti yao haikubadili matokeo. Lakini ukweli ulikuwa umeandikwa, na ukweli ulioandikwa ni mbegu.

KATIKA NYUMBA ZETU

Twamaliza kwa neno kwa wazazi. Uchaguzi wa mwaka ujao wowote huanza jioni ya leo, pale mtoto amwonapo baba akisoma habari katika simu. Je, amsikia akiuliza, "Nani kasema haya? Aliona kwa macho? Mwenye kutajwa amejibu nini?" Au amwona akicheka na kuibonyeza iende kwa wengine kumi? Tuweke desturi katika kila nyumba ya Kikristo: neno linalomchafua mtu lisitoke katika simu yetu kabla ya kulala nalo usiku mmoja. Asubuhi yake mengi hayataonekana yafaa kupelekwa.

Na ninyi mlio na madaraka, ambao wengi wenu mmebatizwa pamoja nasi na mwasoma gazeti hili, twawaomba kwa upendo: msiwaogope watu wenu wanapotaka kuona. Methali yetu husema, wengi wape. Lakini ili wengi wapewe, sharti kwanza wahesabiwe mbele ya macho yao.

Mzee wa Sapiwi hakuomba jambo kubwa. Ameomba tu kwamba kura yake itendewe kama kilo moja ya pamba. Nasi twamwomba Mungu ampe siku nyingi, apate kuliona hilo.